Seli Haikai Uchi: Shajara ya Mchoro Mmoja Mkubwa

3 Februari

Mradi huu umezaliwa na kero. Fungua kitabu chochote cha biolojia cha shule, nenda kwenye ukurasa wa utando wa seli. Utakuta safu mbili za mafuta, vichwa nje, mikia ndani, protini kadhaa zimezama humo, na juu ya protini moja au mbili vijiti vifupi vya kijani vyenye mshale na neno "kabohaidreti". Basi, imetoka hiyo. Msomaji anafunga kitabu akiamini kwamba sukari ni nishati tu na vile vijiti ni nakshi.

Seli iliyochorwa hivyo imevuliwa nguo. Uso wa kila seli ya mwili umevaa sukari, na yeyote anayefika hapo, awe seli jirani, kingamwili, bakteria au kirusi, hukutana kwanza na vazi hilo kabla ya kuyagusa mafuta yaliyo chini yake. Tunataka kuichora ikiwa imevaa.

Tunachotengeneza ni turubai moja, urefu mita 4 na kimo mita 1.5. Itaonyesha kipande cha uso wa chembe nyekundu ya damu ya binadamu, kila kitu kwa kipimo kimoja, sukari mojamoja. Tuko wawili. Mimi nashika upande wa biokemia na mwenzangu anashika brashi. Tumechagua chembe nyekundu kwa sababu uso wake umechunguzwa kuliko wa seli nyingine karibu zote, na kwa sababu yale tutakayochora tunaweza kuyapima wenyewe mezani kwa vifaa vya kawaida vya maabara.

6 Februari: kipimo

Tumekubaliana nanomita 1 iwe sentimita 2. Yaani tunakuza mara milioni 20.

Kwa kipimo hicho utando wa mafuta unakuwa na unene wa karibu sentimita 10. Pete moja ya sukari, ambayo ina upana wa kama nusu nanomita, inakuwa sentimita 1, inatosha kuonekana na mtu aliyesimama hatua mbili tatu kutoka ukutani. Chembe nyekundu nzima ingekuwa na kipenyo cha mita 150, kwa hiyo turubai letu la mita 4 ni ukucha tu wa uso wake. Mwenzangu alitaka tukaze kipimo ili chembe nzima ienee. Nimekataa. Ukikaza, sukari zinageuka ukungu, na ukungu ndio tulioukimbia kwenye vitabu.

10 Februari: alama

Hapa hatukuumiza kichwa. Wanaosomea sukari za seli wana mfumo wao wa alama unaotumika dunia nzima, tumeuchukua ulivyo. Glukosi ni duara la bluu, manosi duara la kijani, galaktosi duara la njano. Sukari hizo zikibeba kundi la asetili (kikundi kidogo cha atomu) kwenye naitrojeni, duara linageuka mraba: N-asetili-glukosamini ni mraba wa bluu, N-asetili-galaktosamini mraba wa njano. Fukosi ni pembetatu nyekundu. Asidi ya sialiki, ambayo nayo ni sukari, ni almasi ya zambarau, na hiyo rangi itatusumbua sana, maana itamaliza kopo baada ya kopo.

Jambo moja alama hizi haziwezi kulificha ni kwamba sukari haziungani kwa njia moja. Amino asidi za protini zinapangwa foleni, moja nyuma ya nyingine, na nukliotidi za DNA vilevile. Ukiwa na tatu tofauti unapata mipangilio sita, hesabu imekwisha. Sukari ya heksosi, yenye kaboni sita kama glukosi, ina mikono mingi. Inaweza kumshika jirani kwa kaboni ya 2, ya 3, ya 4 au ya 6, ikielekea juu au chini (alfa au beta), na inaweza kushika majirani wawili kwa mpigo na kutengeneza tawi. Kwa heksosi tatu tofauti, idadi ya miundo inayowezekana huanzia 1,056 na kufika 27,648, kutegemea unahesabu nini. Seli haitumii yote hayo, hata karibu. Lakini ndiyo sababu sukari zinafaa kubeba utambulisho: kipande kifupi sana kinaweza kusema mengi.

Kwa hiyo kila mstari unaounganisha alama mbili utachorwa kwa pembe inayoonyesha ni kaboni ipi imeshikwa. Mchoraji amelalamika, halafu amekubali.

17 Februari: nani ameandika muundo huu?

Mwenzangu kaniuliza swali zuri leo: kama protini zinaandikwa kwenye DNA, sukari zimeandikwa wapi? Hazijaandikwa popote moja kwa moja. Kilichoandikwa ni vimeng'enya vinavyozijenga. Kila kimeng'enya kinajua kazi moja: chukua sukari fulani iliyofungwa kwenye nukliotidi, iunganishe na sukari fulani, kwa kaboni fulani. Luis Leloir, aliyezigundua hizo sukari zilizofungwa kwenye nukliotidi, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1970.

Minyororo inayoshikwa kwenye amino asidi ya asparajini huanza na kifurushi kilichokwisha kutengenezwa chenye sukari 14: N-asetili-glukosamini 2, manosi 9, glukosi 3. Kinapachikwa kizimakizima kwenye protini ingali inatengenezwa. Kisha glukosi zinaondolewa, na zikiisha kuondolewa protini inakaguliwa kama imekunjika sawasawa. Ikiwa bado, inarudishiwa glukosi moja na kuzuiliwa humo hadi ikunjike vizuri. Baadaye katika vifuko vya Golji manosi nyingi zinakatwa na matawi mapya yanawekwa. Protini mbili zilizotoka kwenye jeni moja zinaweza kufika juu ya uso zikiwa na sukari zisizolingana, kwa kuwa mojawapo ilipita mahali kimeng'enya kilipokuwa kichache au sukari ilipokuwa imepungua.

Hili linatupa ruhusa ya kisanii ambayo sikutarajia. Hatuhitaji kuchora kila mnyororo sawa na mwenzake. Kwa kweli, tukiichora yote sawa tutakuwa tumedanganya.

Mtu anaweza kuuliza kama usumbufu wote huu una maana yoyote kwa mwenye mwili. Panya walioharibiwa jeni ya kimeng'enya kinachoanzisha matawi hayo ya baadaye hufa wakiwa viinitete, katikati ya mimba. Kwa binadamu, kasoro za ujenzi wa sukari zilianza kuelezwa na Jaak Jaeken, daktari wa watoto wa Ubelgiji, mwaka 1980. Hadi leo familia ya magonjwa hayo ni kubwa na nyingi hugusa ubongo, ini na misuli kwa pamoja. Aina moja, ambayo mwili unashindwa kujitengenezea manosi ya kutosha ya kujengea, hutibiwa kwa kumnywesha mgonjwa manosi yenyewe.

24 Februari: glaikoforini A

Sasa turubai lina watu wake. Wa kwanza ni glaikoforini A, protini ambayo karibu asilimia 60 ya uzito wake ni sukari. Ina amino asidi 131, na 72 kati yake zimetokeza nje ya seli. Kwenye hizo 72 zimening'inia minyororo kama 16: mmoja mrefu wenye matawi na mingine 15 mifupi, imeshikwa kwenye amino asidi za serini na threonini. Mfupi wa kawaida una sukari nne. Mraba wa njano chini, duara la njano juu yake, na almasi mbili za zambarau, moja kwenye duara na nyingine ubavuni mwa mraba.

Chembe moja ina glaikoforini A zipatazo milioni moja, na uso wake ni kama mikromita za mraba 140. Gawanya, utapata kwamba kama zingepangwa kwa usawa, ingekuwepo moja kila baada ya nanomita 12 hivi. Kwenye turubai ni sentimita 24. Kwa hiyo safu ya mbele inabeba kumi na sita, na hapo hatujaweka protini nyingine wala mafuta yenye sukari. Mchoraji alipomaliza kupanga penseli alirudi nyuma, akaangalia, akasema: "Mwalimu, utando hauonekani tena." Sawasawa kabisa.

Kila almasi ya zambarau ina chaji hasi. Zidisha almasi thelathini kwa milioni moja, utaelewa kwa nini chembe nyekundu, zinazosukumana kwa mabilioni ndani ya mishipa, hazigandamani ovyo. Zinafukuzana kwa chaji.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vinavyopenda kuandika "kazi yake ni" havilipendi. Wapo watu wachache waliozaliwa bila glaikoforini A kabisa, nao wana afya. Protini nyingi kuliko karibu zote juu ya chembe hizo, na mtu anaishi bila yake! Maelezo moja yaliyopendekezwa ni kwamba sukari zake ni chambo. Chembe nyekundu haina kiini. Kirusi kinachoishika na kuingia kimefika mahali pasipo na mashine ya kukizalisha. Nalipenda wazo hilo, ila kwenye turubai tutachora tu kilichopo, bila kukipa cheo.

4 Machi: A, B na O

Nimesubiri kipande hiki tangu tuanze. Kwenye ncha za minyororo mirefu, hasa ile ya protini iitwayo bendi 3 na ya mafuta yenye sukari, ndipo makundi ya damu yanapokaa.

Chora galaktosi, duara la njano. Kwenye kaboni yake ya 2 weka fukosi, pembetatu nyekundu. Umepata kinachoitwa H, na mwenye kundi O anaishia hapo. Kwenye kaboni ya 3 ya duara lilelile ongeza mraba wa njano: umekuwa kundi A. Badala ya mraba ongeza duara la njano: umekuwa kundi B. Mwenye AB anayo yote mawili, kila moja kwenye ncha yake.

Tofauti ya A na B, basi, ni mraba na duara. Ukisogea karibu zaidi ni kaboni moja, ile ya 2 ya sukari ya mwisho: B ina oksijeni na haidrojeni, A ina naitrojeni iliyobeba asetili. Atomu chache, chini ya sentimita moja kwenye turubai la mita 4. Na kwa atomu hizo mtu aliyewekewa damu isiyo yake anaweza kufa, maana kingamwili zake zinazisoma bila shida.

Vimeng'enya vinavyoweka sukari hizo mbili vina amino asidi 354 kila kimoja na vinatofautiana kwa nne tu. Fumiichiro Yamamoto na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1990, na wakaonyesha pia kwamba O ya kawaida inatokana na nukliotidi moja iliyopotea, ikavuruga usomaji wa jeni yote iliyofuata. Karl Landsteiner alikuwa ameyatambua makundi tangu 1901 kwa kuchanganya damu za watu na kutazama, bila kujua anatazama sukari.

Waliojua ni Winifred Watkins na Walter Morgan, huko Uingereza, na njia yao inanivutia kuliko matokeo. Seramu ya samaki mkunga, yaani majimaji ya damu yake yasiyo na chembe, hushikamanisha chembe za kundi O. Wakaiongezea sukari mbalimbali, mojamoja, kabla ya kuweka chembe. Fukosi ilipoingia, seramu ikapoteza nguvu: mahali pake pa kushika palikuwa pameshajaa fukosi iliyo huru, haikubaki nafasi ya kuishika ile ya kwenye chembe. Ilikuwa 1952. Wakajua sukari gani inasomwa bila kuitoa kwenye seli.

11 Machi: mezani

Tumeamua kuijaribu njia hiyo wenyewe kabla mchoraji hajaweka rangi ya kudumu. Mkunga hatuna. Tunazo lektini, protini za mimea zinazoshika sukari maalumu, na hizi zinauzwa zikiwa zimesafishwa. Chembe ni zile za kundi O za kupimia zinazotumika benki ya damu, zimeoshwa kwa maji ya chumvi.

Kwa asiyewahi kufanya kazi hii: sahani ni ya plastiki, ina visima vidogo vyenye kitako cha mviringo. Unaweka lektini, unaipunguza makali nusu kwa nusu kutoka kisima hadi kisima, kisha unadondosha chembe zilizochanganywa na maji ya chumvi. Unaiacha itulie mezani, bila kuitikisa. Kisima ambacho chembe hazikushikana, zinateleza kufuata mteremko wa kitako na kujikusanya katikati kuwa kitone chekundu kimoja chenye ukingo mkali. Kisima ambacho zimeshikana, haziwezi kuteleza. Zinabaki zimetanda kitako kizima, rangi hafifu, ukingo umechanika. Ukiinamisha sahani, kitone kinachuruzika kama chozi, kilichotanda hakisogei. Hakuna mashine inayohitajika.

Lektini ya kichaka cha Ulex, chenye miiba na maua ya manjano, inashika fukosi ya H. Chembe zetu za O zimetanda visima vingi mfululizo. Safu ya pili, yenye lektini ileile lakini iliyochanganywa kwanza na fukosi: vitone, mwanzo hadi mwisho. Safu ya tatu tuliweka manosi badala ya fukosi ili kuhakikisha si sukari yoyote tu inayozuia: zimetanda tena. Pembetatu nyekundu zimeruhusiwa kupakwa.

13 Machi: mezani tena

Leo zamu ya almasi za zambarau. Lektini ya karanga inapenda duara la njano lililo juu ya mraba wa njano, yaani kile hasa kilicho kwenye minyororo mifupi ya glaikoforini. Lakini juu yake kuna asidi ya sialiki imekifunika. Kwa hiyo chembe za kawaida, vitone tupu. Chembe ndugu zake zilizokaa kwanza kwenye joto la nyuzi 37 pamoja na neuraminidasi, kimeng'enya kinachokata asidi ya sialiki: zimetanda kote. Hatukuongeza kitu kwenye chembe hizo. Tuliondoa tu.

Mdenmarki Oluf Thomsen aliliona jambo hili mwaka 1927 bila kulitafuta. Damu iliyoingiwa na bakteria ilianza kushikamanishwa na seramu za karibu watu wazima wote, bila kujali kundi. Bakteria walikuwa wamekata almasi na kufunua kilichokuwa chini, na karibu kila mtu mzima ana kingamwili za kilichokuwa chini.

Mwilini kufunuliwa huko kuna maana. Katika miaka ya 1960 Gilbert Ashwell na Anatol Morell waliondoa asidi ya sialiki kwenye protini ya damu iitwayo seruloplazimini, wakairudisha kwa sungura. Iliyo nzima ilizunguka kwa muda mrefu. Iliyokatwa ilitoweka ndani ya dakika, ikakutwa kwenye ini. Seli za ini zina kipokezi kinachoshika galaktosi iliyo wazi. Njia hiyohiyo sasa inatumiwa na watengeneza dawa: wanaifunga dawa na sukari ya jamii hiyo, mraba wa njano, na inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Givosirani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, ni mojawapo.

Neuraminidasi tuliyotumia ni ya Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu. Sumu ya bakteria huyo hushika mafuta yenye sukari tano yanayoitwa GM1, na kimeng'enya chake hupunguza mafuta yenye sialiki nyingi zaidi hadi yabaki GM1. Anajikatia mwenyewe mlango.

19 Machi: mgeni

Turubai lilikuwa limekaa kimya mno, kwa hiyo tumeingiza kirusi cha influenza. Hakiambukizi chembe nyekundu, ila kinazishika, na kwa kuzishika ndipo kilipojulikana: George Hirst mwaka 1941 aliona majimaji ya viinitete vya kuku vilivyoambukizwa yakishikamanisha chembe za kuku. Baadaye akaona kwamba kwenye joto la mwili kirusi huachia chenyewe, na chembe zilizoachiwa hazishikiki tena. Kirusi kilikuwa kimekata kitu. Ndiyo neuraminidasi yake, hiyo N kwenye majina kama H3N2. H ni hemaglutinini, mkono unaoshika.

Kwa kipimo chetu kirusi kina kipenyo cha mita 2. Hakienei. Tunachora tumbo lake la chini tu, likiwa na mikono ya hemaglutinini yenye urefu wa sentimita 27 kila mmoja, na kati yao neuraminidasi chache. Mshiko wa mkono mmoja kwa almasi moja ni dhaifu mno. Kirusi kinakaa kwa sababu mikono ni mingi.

Pembe za mistari, zile alizolalamikia mchoraji, zimelipa hapa. Virusi vya influenza vya ndege hupenda almasi iliyoshikwa kwenye kaboni ya 3 ya galaktosi. Vya binadamu hupenda iliyoshikwa kwenye kaboni ya 6, ambayo ndiyo nyingi kwenye njia ya juu ya hewa ya binadamu. Sukari ni ileile, rangi ileile, ila mstari umeelekea kwingine. Katika virusi vilivyosababisha janga la 1957 na la 1968, kubadilika kwa amino asidi mbili tu za hemaglutinini, ya 226 na ya 228, kuligeuza upendeleo huo. Dawa za oseltamiviri na zanamiviri, zote mbili za mwaka 1999, huziba neuraminidasi, na kirusi kipya kinabaki kimenasa kwenye seli kilikozaliwa.

20 Machi

Zambarau imekwisha. Tumeagiza nyingine.

26 Machi: oksijeni moja

Wazo la kuweka kimelea cha malaria limefutwa. Kimelea ni kikubwa kuliko ukumbi. Lakini kitakuwa na kisanduku chake pembeni, kwa sababu kinaigusa almasi yetu. Plasmodium falciparum, anapoingia kwenye chembe nyekundu, ana protini inayoshika asidi ya sialiki ya glaikoforini A. Ukikata sialiki, aina fulani za kimelea zinashindwa kuingia. Nyingine hazijali, zina mlango mwingine kupitia protini tofauti ya uso, kwa hiyo tusiandike kwenye kisanduku kwamba sialiki ndiyo mlango wa malaria. Ni mlango mmojawapo.

Sokwe ana aina mbili za asidi ya sialiki. Moja ni kama yetu, nyingine imezidi kwa atomu moja ya oksijeni, na kwenye mfumo wa alama inapewa almasi ya bluu hafifu. Binadamu hatuitengenezi hiyo ya pili. Jeni ya kimeng'enya kinachoongeza oksijeni hiyo ilipoteza kipande cha jozi 92 za nukliotidi, inakadiriwa miaka milioni mbili hadi tatu iliyopita, na watu wote tumeirithi ikiwa imeharibika. Kimelea cha sokwe, Plasmodium reichenowi, ni ndugu wa falciparum, na imependekezwa kwamba kila mmoja amejizoesha almasi ya mwenyeji wake. Mchoraji amechora chembe mbili ndogo bega kwa bega, ya zambarau tupu na yenye bluu katikati ya zambarau. Hakuna maelezo marefu chini yake. Sentensi tatu.

2 Aprili: turubai la pili

La kwanza limebaki kukaushwa na kupakwa vanishi. Tumeanza kubishana kuhusu la pili, ukuta wa ndani wa mshipa wa damu.

Huko vazi si la nanomita chache. John Luft alilionyesha mwaka 1966 kwa rangi ya rutheniamu kwenye hadubini ya elektroni: tabaka nene la minyororo mirefu ya sukari, nyingi ikiwa na salfati, juu ya seli zinazotandika kapilari. Ukichukua unene wa nusu mikromita, ambao si mkubwa kwa vipimo vya tabaka hilo, kwa kipimo chetu ni mita 10. Juu ya utando wa sentimita 10. Maandalizi ya kawaida ya hadubini hulivunja tabaka hilo, ndiyo maana kwa miaka mingi picha zilionyesha mishipa yenye kuta safi kabisa.

Nataka humo tuweke seli nyeupe inayosimamishwa. Penye jeraha, seli za mshipa husukuma nje selektini, protini za kushikia sukari, na selektini zinashika sukari nne zilizoko kwenye seli nyeupe: mraba wa bluu uliobeba duara la njano na pembetatu nyekundu, na almasi ya zambarau juu ya duara. Mshiko unafunga na kuachia haraka, seli nyeupe inabingirika ukutani badala ya kupitwa na mkondo, hadi ishike imara na kupenya. Wapo watoto, walioelezwa mara ya kwanza mwaka 1992, ambao miili yao haiwezi kupachika fukosi ipasavyo. Seli zao nyeupe ni nyingi kwenye damu, lakini hazisimami panapohitajika, na maambukizi hayaishi. Baadhi yao, wakipewa fukosi ya kunywa, hupata nafuu.

Tatizo ni kwamba seli inayobingirika kwa mikromita kumi kwa sekunde ingepita mbele ya turubai letu kwa mita 200 kwa sekunde. Mchoraji anapendekeza tuache kipimo kimoja. Mimi napendekeza tushushe turubai, tuchore mita 3 za chini tu za hilo tabaka, na seli nyeupe iingie kwa kidole kimoja cha utando wake, panapogusa. Ametaka aone kwanza mchoro wa penseli. Nitamletea Jumatatu, pamoja na orodha ya rangi: pembetatu nyekundu zaidi, bluu zaidi, na makopo mawili ya zambarau kuanzia.